Kikao cha Pili Kisifanyike Njiani

Nilipokuwa darasa la sita tulifanya mdahalo wenye mada hii: mwenye akili ni yule anayenyamaza au yule anayesema? Mimi nilikuwa upande wa kusema. Wenzetu walikuja na debe tupu haliachi kuvuma, wakaongeza na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tukajibu kwamba kuuliza si ujinga. Mtunza muda aligonga kengele mpaka akachoka, wala hakuna aliyemsikia. Mwishowe upande wa kimya ukashinda, na ulishinda kwa kupiga kelele kutuzidi.

Nimekicheka kisa hicho miaka mingi. Siku hizi wanaonirudia akilini ni wale wenzetu waliokaa madawati ya nyuma, ambao hawakutoa neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Je, walikuwa na akili kutushinda? Au hawakuwa na la kusema? Hakuna aliyewauliza.

Tazama mtu mmoja tu unayemfahamu. Mkweo akiwa sebuleni kwako hujibu ndiyo na hapana, macho chini. Mfuate jioni kijiweni kwake umsikie anavyochambua bei ya mbolea, utadhani ni mtu mwingine. Je, akili yake imeongezeka njiani? Ni yule yule. Waliobadilika ni watu aliokaa nao.

Kwa hiyo naona lile swali la mdahalo tuligeuze kidogo. Kabla ya kuuliza nani ana akili, tujiulize: hapa nilipo mimi, mwenzangu anapata nafasi ya kusema?

Tuanze na vikao vyetu. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya juu kabisa kijijini, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Hakuna kiingilio, hakuna cheti kinachodaiwa. Mwenye shahada na asiyejua kusoma wanakaa chini ya mwembe mmoja, na mikono yao inahesabiwa sawasawa.

Lakini sote tunajua mambo yanavyokwenda. Taarifa inasomwa, mapato na matumizi yanasomwa, kisha mwenyekiti anauliza, "Kuna swali?" Anatazama kulia, anatazama kushoto. "Hakuna? Basi tuendelee." Kimya kimehesabiwa kuwa ridhaa.

Kisha watu wanatawanyika, na hapo ndipo kikao cha pili kinapoanza, njiani. Mama mmoja anamwambia mwenzake kwamba kisima kile kikichimbwa pale kitapata maji ya chumvi, maana babu yake alichimba papo hapo akaacha. Mzee mwingine anakumbuka kwamba mpaka wa shamba la shule ulikuwa kwenye mkwaju, si kwenye mfereji. Maarifa yote hayo yanarudi nyumbani na wenyewe, na katibu ameshafunga daftari.

Je, mama huyu ni mwenye akili au hana? Kikao hakikupata kujua.

Sasa twende darasani, maana huko ndiko kunakonigusa zaidi. Katika shule zetu nyingi za msingi mtoto husoma kwa Kiswahili mpaka amalize. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa kwa Kiingereza. Yule binti aliyekuwa akinyoosha kidole mpaka anasimama kwenye dawati, ghafla yuko kimya. Ripoti inakuja nyumbani na neno moja: mzito.

Mzazi mwenzangu, tafadhali usiipokee ripoti hiyo kama hukumu. Mkalishe jikoni, mwambie akueleze kwa Kiswahili kile walichofundishwa, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula au kwa nini chuma hushika kutu. Kama lugha ya nyumbani ni Kisukuma au Kimakonde, akueleze kwa hiyo. Huenda ukashangaa. Akikueleza vizuri, ujue kilichokwama ni maneno tu, na maneno yanafundishika.

Nanyi walimu wetu, mnaobeba darasa la watoto wengi kuliko madawati, nina ombi dogo lisilohitaji bajeti. Mtafiti mmoja wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi vipindi vingi vya sayansi katika shule za msingi za huko, na matokeo yake yakachapishwa miaka ya 1970. Aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali, kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu, kisha analirudia, au anajibu mwenyewe, au anamgeukia mwingine. Walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia.

Sekunde 3! Muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Na hao watoto walikuwa wakijibu kwa lugha waliyoizoea. Wetu anayetafuta jibu kwanza na lugha baadaye, je, tusimwongezee hata mbili?

Huko hospitalini nako kuna somo, na limepita hapa hapa nyumbani. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani: London ilikuwemo, Toronto ilikuwemo, na Ifakara yetu ya bonde la Kilombero ilikuwemo. Mengi katika orodha hiyo ni mambo ya kawaida, kama vile kuthibitisha jina la mgonjwa na mahali pa kupasua, na kuhesabu vitambaa na sindano. Limo pia jambo hili: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliye chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Daktari bingwa hutaja, na muuguzi aliyeanza kazi juzi naye hutaja.

Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi kwamba kutaja majina ndiko kulikofanya yote hayo. Orodha ilikuwa ndefu na kila kipengele kina kazi yake. Lakini wataalamu walioitunga walikiweka kipengele hicho makusudi, maana mtu aliyekwisha kutoa sauti mara moja haoni tabu kuitoa tena anapoona jambo haliendi sawa.

Je, hili haliwezekani gereji? Haliwezekani kwenye jengo, ambako kibarua anayechanganya zege ndiye wa kwanza kuona mchanga una chumvi? Ewe fundi mkuu, asubuhi kabla ya kazi, mwulize kijana wako jina lake na analoliona. Dakika moja tu. Najua una haraka, na mwenye nyumba anapiga simu.

Wewe unayetoa dawa dirishani, badala ya kumuuliza bibi "umeelewa?", mwambie, "Hebu bibi, nieleze utazimeza vipi." Swali la kwanza hujibiwa "ndiyo, mwanangu" hata kama hakuelewa kitu, maana kwetu kumwambia mtaalamu hujaelewa huonekana kama kumvunjia heshima. La pili halina njia ya kukwepa, wala halimwaibishi.

Nisije nikaonekana nawaonea waliojaliwa ulimi. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Mke wangu atawathibitishia. Tunahitajika, maana kikao kisicho na mfunguzi hulala. Tunachoweza kufanya ni kusema mara moja, tukae, tutazame pembeni ni nani anayevuta kanga yake kana kwamba ana jambo. Mtaje kwa jina: "Mama fulani, wewe uliwahi kulima huko, unaonaje?" Mara nyingi mlango huo mmoja unatosha.

Kwenye makundi ya simu, huko nakiri kimya kingetufaa zaidi. Ujumbe wa sauti umeingia usiku, unatisha, mwenyewe hajulikani. Kuna ubaya gani ukiulaza mpaka asubuhi kabla ya kuusambaza?

Nawe ndugu mkimya, nina neno lako. Sikuombi ujifunze hotuba. Kama moyo unadunda, iandike hoja yako kwenye karatasi ya daftari umpe jirani aisome. Kama ni lugha, sema kwa ile unayoimudu, mwenzako atafasiri. Lakini usiende nayo nyumbani. Kisima kikishachimbwa, kumbukumbu ya babu yako haitakuwa na kazi tena.

Jumamosi ijayo mtaani kwetu tuna kikao kuhusu njia ya maji ya mvua. Nimemwomba mwenyekiti akishauliza "kuna swali?" ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuendelea. Amecheka, akasema watu watadhani amesahau ajenda. Hata hivyo amekubali kujaribu. Mama anayeuza vitumbua pale kona, ambaye kila masika maji hupita mlangoni kwake, anajua yanakotokea kuliko sisi wote. Nimempitia jana nikamwuliza kama atakuja. Amesema atakuja, ila akae karibu na mlango.

Nitamwekea kiti.