Kiwanda si Mitambo Pekee

Mwaka 2021, kampasi ya Startup Lions ilikamilika kando ya Ziwa Turkana. Msanifu wake, Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, alitunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka uliofuata. Minara yake mirefu, iliyoiga vichuguu vya mchwa, huitoa hewa ya moto juu, nayo hewa safi ikaingilia matundu ya chini. Huo ndio ubunifu, si majumba ya vioo ya Nairobi yanayonasa jua, kisha mwenyewe akalipia umeme wa kuyapoza!

Waswahili wa Lamu waliyajua hayo zamani. Kuta nene za matumbawe na chokaa zililizuia joto la mchana. Kiwanda, ua lililo wazi ndani ya nyumba, kilipeleka upepo na mwanga hadi msanani. Mgeni asiye wa karibu alikomea dakani. Hata hivyo, aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili asikiapo kiwanda huwaza mitambo tu. Wanaotunga istilahi za usanifu majengo wangeanzia humo kabla ya kutohoa Kiingereza, tena upesi, kwani wazee waliolelewa katika nyumba hizo wanapungua.