Mizani Humwacha Mtoto Akitimiza Miaka Mitano

Saa saba ya mchana, jua la Chamwino likiwa limesimama utosini na mbuzi wamejilaza kivulini mwa mibuyu wakicheua, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka tisa huketi mbele ya sahani ya ugali wa uwele na bakuli la mlenda, akamega tonge moja, akalifinyangafinyanga kiganjani mpaka likawa duara laini kama goroli, kisha akalirudisha sahanini bila ya kulichovya wala kulitia kinywani. Hana homa, hakuudhiwa na mtu, wala si kiburi cha mtoto wa mjini anayedharau chakula cha babu yake, ingawa mimi mwenyewe, kwa muda wa majuma kadhaa, niliamini kwamba ndicho. Amemeza kidonge saa moja asubuhi. Na kidonge kile kile kinachompa utulivu wa kusikiliza somo la hesabu mpaka mwisho humwondolea na njaa.

Mama yake ni mtumishi wa serikali, aliyehamishiwa huku katika ule msafara mrefu ulioanza pale Rais Magufuli alipotangaza, Julai 2016, kwamba serikali yote itahamia Dodoma. Na leo Ikulu yenyewe iko hapa kwetu Chamwino, jengo lake jipya likiwa limezinduliwa Mei 2023. Pamoja na makabati, mafaili na majokofu, msafara ule ulileta na watoto wa mjini, na baadhi ya watoto hao walikuja na dawa ambazo sisi wa kijijini hatukupata kuzisikia. Ya mjukuu wangu huitwa methilfenidati. Aliandikiwa Dar es Salaam na daktari wa magonjwa ya akili, baada ya miaka miwili ya barua za walimu zilizokuwa zikirudia neno moja kwa mwandiko mbalimbali: hatulii.

Hali aliyo nayo madaktari huiita kwa herufi nne, ADHD, nami, kwa kuwa istilahi iliyokubaliwa na wote sijaisikia, huiita upungufu wa umakini na wingi wa harakati. Majirani wana majina mafupi zaidi, na makali zaidi, ambayo sitayaandika. Wala sikusudii hapa kujadiliana na wale wasemao kwamba maradhi haya ni ya Wazungu na kwamba fimbo ndiyo dawa yake, kwani hao wameshajibiwa na watu wenye elimu kuliko yangu. Ninalotaka kulizungumza ni dogo kuliko hilo, na kwa sababu ya udogo wake halina msemaji.

Dawa yenyewe si ngeni duniani. Iliundwa mwaka 1944 mjini Basel, huko Uswisi, na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, ambaye alimpa mkewe, aliyeitwa kwa kifupi Rita, aionje, na jina la biashara la dawa ile, Ritalin, likatokana na huyo bibi. Ikaanza kuuzwa mwaka 1954, mwaka ule ule ambao Mathias Mnyampala, mwana wa huku kwetu Ugogo, alichapisha kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Ni sadfa tu isiyo na maana yoyote, ila mimi hunifurahisha. Kazi ya dawa hiyo ni kuzidisha katika ubongo kemikali mbili, dopamini na noradrenalini, ambazo humsaidia mtoto kulishika jambo moja kwa wakati wake. Na kwa kuwa kemikali hizo hizo zina mkono katika hamu ya kula, hamu hushuka pale dawa inapokuwa katika kilele cha nguvu zake, nacho kilele hicho aghalabu huangukia adhuhuri. Kidonge cha muda mfupi hufanya kazi saa tatu hadi nne, na kile cha muda mrefu saa nane hadi kumi na mbili. Kisha dawa huisha, na njaa hurudi kwa ghafla, kama mgeni aliyezuiliwa mlangoni mchana kutwa.

Je, jambo hili ni kubwa kiasi gani? Katika uchunguzi mashuhuri uliofanywa kwa watoto 579 wa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1999, ilionekana baadaye kwamba wale walioanza dawa na kuendelea nayo kwa miaka mitatu walikuwa pungufu kwa takriban sentimita 2 za kimo na kilo 2.7 za uzito, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakuwahi kuitumia. Hiyo si hesabu ya kumfanya mzazi aitupe dawa chooni, kwani faida yake kwa masomo na kwa amani ya nyumba nimeiona kwa macho yangu. Lakini si hesabu ya kupuuzwa pia. Kilo mbili na ushei, kwa mtoto wa nchi ya shibe, ni jambo la kuangaliwa. Kwa mtoto wa nchi ambayo uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ni jambo la kukeshewa.

Nami sikulikeshea; nilikosea. Sisi wa umri wangu tulilelewa katika nchi ambayo njaa zake zina majina, kama ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka 1920, ambapo majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa; na mtu aliyesimuliwa habari hizo akiwa mdogo hawezi kumtazama mtoto akisukuma sahani pembeni bila ya damu kumchemka. Basi mimi na bibi yake tulimwandama. Tulimbembeleza, tukamtisha, tukamkalisha mezani mpaka ugali ukakauka, na siku moja, naliandika hili kwa haya, nilimshika kidevu. Alikula tonge tatu, akazitapika kando ya kisima, na tangu siku hiyo akawa akisikia sauti ya sufuria ikiepuliwa anatoweka. Tulichokuwa tumekiharibu hakikuwa chakula cha siku moja, bali mapenzi yake na meza.

Aliyetuokoa ni mama yake, ambaye alirudi kutoka kazini jioni moja akamkuta mwanawe jikoni gizani, saa tatu ya usiku, akila ukoko wa sufuria kwa vidole, tena kwa furaha. Akasema, baba, mtoto huyu hakukosa njaa. Njaa yake imehama saa.

Katika maneno hayo imo nusu ya tadbiri yote. Kama njaa imehama saa, basi na chakula kihame. Uji wa uwele, mzito, uliotiwa karanga zilizosagwa na maziwa, sasa hunywewa alfajiri kabla ya kidonge wala si baada yake, kwa maana nusu saa ya kuchelewa ndiyo tofauti ya kikombe kizima na kikombe kilichoachwa. Mchana hatumsumbui, hupewa kidogo, na akiacha, sahani hufunikwa bila ya neno. Saa kumi na moja, dawa inapoanza kumwachia, hupata yai, au kunde, au kipande cha kashata ya karanga. Na baada ya magharibi hula chakula chake kikubwa, ambacho, alhamdulillahi, ndicho chakula kikubwa cha nyumba za huku tangu zamani, kwa kuwa mkulima wa Ugogo hurudi jioni na hula jioni. Kabla ya kulala huongezewa kikombe cha maziwa. Kijiko cha mafuta ya alizeti katika mboga, ufuta juu ya uji, ubuyu uliokorogwa na maziwa, hivi ni vitu vya nchi hii hii, visivyohitaji gari la kwenda mjini, na siri yake ni kwamba hutia nguvu nyingi katika kijiko kidogo, jambo linalomfaa mtoto ambaye nafasi ya tumbo anayo lakini nafasi ya saa hana. Soda na biskuti tulizijaribu, nazo zilijaza tumbo kwa robo saa na kumwachia meno mabovu.

Shuleni ndiko kugumu. Shule anayosoma, ambayo sitaitaja, hupika makande kwa nafaka za wazazi, na kwa kuwa tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 wako wazazi walioelewa kwamba hata mahindi ya makande yatatoka serikalini, kila punje inayoingia katika sufuria ile imeingia kwa mabishano. Siwezi kumlaumu mwalimu wa zamu asiyependa kuona sahani iliyojaa ikirudi jikoni. Lakini alipoamuru mtoto huyu aondolewe katika orodha ya chakula, maadamu hali, ndipo nilipovaa kanzu yangu nikaenda. Nilichoomba ni kifuniko. Makande yake yapakuliwe kama ya wenzake, yafunikwe, apewe wakati wa kwenda nyumbani, ayale njiani chini ya mti kama anataka. Walikubali, si bila ya kunung'unika.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Mtoto azaliwaye Chamwino hupimwa uzito kila mwezi. Mama yake humbeba hadi zahanati, akavikwa ile suruali ya kitambaa, akaning'inizwa kwenye mizani akipiga mateke hewani kama kuku anayeuzwa mnadani, na muuguzi akatia nukta katika kadi, nukta ikaungana na nukta, na mstari ule ukipinda kuelekea chini kila mtu anajua kuna shari. Ni desturi njema kupita kiasi, na naamini imeokoa roho nyingi. Lakini kadi ile ina mwisho: mtoto akitimiza miaka mitano mizani humwacha, na tangu hapo, isipokuwa akiugua, hapana mtu mwenye wajibu wa kujua ana kilo ngapi mpaka siku atakapokuwa mama mjamzito au mwanajeshi. Nazo dawa hizi huanza lini? Aghalabu baada ya miaka sita, yaani mara tu baada ya mlinzi kwenda zake.

Ilhali vipimo vyenyewe vipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 mistari ya ukuaji ya watoto wa miaka 5 hadi 19. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unaagiza kwamba mtoto wa miaka kumi au chini yake anayetumia dawa hizi apimwe uzito kila miezi mitatu, na kimo kila miezi sita. Hakuna katika hayo jambo linalohitaji mashine ya mamilioni. Mizani ya kusimamia ipo katika zahanati, hospitali ya Mvumi ipo wilayani humu humu, na ile ya magonjwa ya akili, Mirembe, iko Dodoma mjini; kinachokosekana ni karatasi moja, na mtu mmoja aliyeagizwa kuijaza. Rai yangu ni kwamba kila daktari anayeandika dawa hii kwa mtoto aandike pamoja nayo uzito na kimo cha siku hiyo, na saa za kula, na tarehe ya kupimwa tena, na kwamba zahanati iliyo karibu na nyumba ya mtoto ipokee karatasi hiyo kama inavyoipokea kadi ya mtoto mchanga.

Nitaambiwa kwamba watoto wanaomeza vidonge hivi wilayani ni wa kuhesabika kwa vidole, na kwamba kuna shida kubwa zaidi. Ni kweli. Lakini wapo pia wanaopewa dawa nyingine za kutuliza fujo, kama risperidoni, ambazo huleta kinyume chake, mtoto akawa anakula bila kiasi na kunenepa mpaka akashindwa kukimbia; na hao nao hawapimwi. Mizani ni ile ile moja kwa wote wawili.

Tena huku kwetu mizani ina hila yake, ambayo daktari wa Dar es Salaam huenda asiifikirie. Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi ya kabla ya mavuno ni miezi ambayo ghala huwa limebaki vumbi na hata watoto wasiomeza dawa yoyote hupungua. Mtoto aliyeanzishwa dawa mwezi wa Januari akapungua kilo moja mwezi wa Machi amepunguzwa na kidonge, au na ghala? Hili halijulikani ila kwa mwenye kuandika kila mara, mwaka mzima, na kulinganisha Machi na Machi. Na kama uzito unaendelea kushuka, ni juu ya daktari, wala si juu ya babu, kupunguza kipimo, kubadili dawa, au kuruhusu siku za mapumziko wakati wa likizo. Nalisema hili kwa sababu mimi nilishataka kuvificha vidonge.

Jumatatu iliyopita nilimpeleka zahanati. Muuguzi, binti mwenye adabu, alimwambia avue viatu apande mizani, akasoma kilo ishirini na tano na nusu, kisha akaniomba kadi. Nilimpa ile ya utotoni, iliyochakaa pembeni. Akaifungua, akafuata mistari kwa kidole mpaka ilipokoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele, akanitazama. Nikamtolea daftari la mazoezi la mjukuu wangu. Alipiga mstari kwa rula katika jalada la nyuma, chini ya jedwali la kuzidisha, akaandika tarehe, akaandika 25.5, na pembeni yake akaacha nafasi tupu, kubwa ya kutosha.