Kulabu Ndogo ya Gari Moshi

Gari moshi la mfano likiacha mabehewa njiani, usilaumu injini upesi. Tazama kulabu. Weka injini na behewa juu ya reli iliyonyoka: kulabu zisipolingana kimo, iliyoinama humwachia mwenzake. Kaza skrubu yake, iliyovunjika ibadilishe. Usitie mafuta, maana hushika vumbi. Unga wa grafiti kidogo watosha.

Kulabu za mifano ya Kimarekani zaiga ile ya Eli Janney, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1873. Zamani wafanyakazi waliingia katikati ya mabehewa kuyafunga kwa mkono. Wengi walikatwa vidole, wengine wakafa. Mwaka 1893 sheria ya Marekani iliamuru kulabu zijifunge zenyewe. Basi, umfundishapo mtoto kuitengeneza, mweleze na hayo.