Kinywa Kinapokataa Kufumba

Mkulima wa Mpapura amekesha shambani akilinda korosho zake. Asubuhi anaketi barazani, anapiga mwayo mrefu, na kinywa kinabaki wazi. Hawezi kukifumba, mate yanamtoka, maneno hayatamkiki. Si ajabu majirani wakanong'ona kwamba amerogwa. Kumbe taya limeteguka.

Kiungo cha taya kipo mbele ya sikio. Weka kidole hapo, achama, utakisikia kikiteleza. Kichwa cha mfupa kikivuka kinundu kilicho mbele yake, misuli hukaza na kukizuia kurudi. Tiba yake ni kongwe: waganga wa Misri waliiandika katika mafunjo yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, na mpaka leo haijabadilika sana. Tabibu huvifunga kitambaa vidole gumba vyake, huviweka kwenye magego ya chini, hulishindilia taya chini, kisha hulirudisha nyuma. Hii ni kazi ya mjuzi, kituoni au katika hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Asiyejua aweza kuvunja mfupa, au yeye mwenyewe akaumwa vidole. Baadaye mgonjwa hula vyakula laini, na mwayo ukimjia huzuia kidevu kwa ngumi.

La kutisha zaidi ni kinywa kisichofunguka. Aliyejikata kwa jembe siku chache zilizopita, kisha akaona taya linakaza na shingo inakakamaa, asingoje kupambazuke. Huenda ni pepopunda, nayo huua. Jipu la gego la mwisho nalo hukaza taya.

Kuna na maradhi ya polepole: kiungo hualika na kuuma wakati wa kutafuna. Maumivu hupenya sikioni na kwenye magego, hata mtu akang'olewa jino zima na maumivu yakabaki palepale. Kwa hiyo, kabla ya kukubali koleo, mwombe tabibu wa meno abonyeze mbele ya masikio na misuli ya mashavu, apime na upana wa kinywa. Mtu mzima kwa kawaida huweza kuingiza vidole vyake vitatu vikiwa wima. Mwaliko usio na maumivu hauhitaji dawa. Wenye maumivu wengi hupona pasipo kupasuliwa, kwa kuacha mua, muhogo mbichi na korosho ngumu majuma machache, na kukanda shavu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Anayesaga meno usingizini, ambaye kwetu husingiziwa minyoo, aweza kutengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa usiku.