BARAFU IKO JUU YA VICHWA VYETU



Kuna neno moja ambalo sisi mafundi wa eropleni tumechoka kulisikia. Fundi akiona mpira wa ukingo wa bawa umetoboka, akasema ndege isiruke mpaka uzibwe, msimamizi humjibu: "Hapa Afrika, bwana. Barafu iko Ulaya. Tia sahihi, ndege iende." Na sisi tuliotoka Kitui na Makueni ndio tunaochekwa zaidi: "Wewe mtu wa nchi kavu, barafu umeiona wapi?"

Tumeiona tangu utotoni. Asubuhi isiyo na mawingu, simama Emali utazame kusini. Utaona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Jua ni lile lile linalokausha mahindi yetu, lakini kule juu maji ni jiwe. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Katika nchi zetu za ikweta, karibu na mita 5,000 joto limekwisha kufika sifuri, na eropleni nyingi ziendazo Mombasa hupita juu ya Makueni zikiwa juu zaidi ya hapo.

Mawingu ya Novemba, yale ambayo wazee wetu huyaombea, hubeba matone ya maji yaliyo chini ya digrii sifuri lakini bado hayajaganda. Bawa likiyagusa, hapo hapo yanaganda. Ubaya wake si uzito tu. Barafu huharibu umbo la bawa, na bawa lisilo na umbo lake halishiki hewa. Ndege huanguka.

Kwa hiyo bawa lina kinga. Katika jeti kubwa, hewa ya moto hutolewa katika injini ikapitishwa kwa mabomba mpaka ukingo wa mbele wa bawa. Katika ndege nyingi za panga, mpira uliobandikwa kwenye ukingo hujazwa hewa, ukavimba, ukapasua barafu. Kule Ulaya wakati wa baridi, bawa hunyunyiziwa dawa kabla ya kuruka. Lakini hakuna kinga inayojitunza yenyewe. Kila bomba, kila valvu, kila mpira umepita mikononi mwa mfanyakazi.

Watasema twakuza mambo. Tarehe 31 Oktoba 1994 huko Roselawn, Marekani, ndege ya ATR 72 ilianguka wakafa watu wote 68. Mipira ilikuwapo, lakini barafu ilijijenga nyuma yake, mahali ambapo mpira haufiki. Ikiwa mpira mzima haukutosha, sembuse uliotoboka?

Na hapa kwetu je? Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliruka Embakasi ikaanguka mara moja, wakafa watu 59. Hapakuwa na barafu siku ile. Lakini valvu za hewa ya injini, hewa ile ile inayopasha mabawa moto, zilikuwa zimefungwa. Vibawa vya ukingo wa mbele, ambavyo husukumwa na hewa hiyo, havikufunguka. Kosa la namna hiyo lilikwisha kuripotiwa kabla. Mitambo ya kuwaonya marubani iliongezwa baada ya maiti. Hivyo ndivyo ripoti ya mfanyakazi inavyothaminiwa!

Na lawama humwangukia nani? Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyowachukua wachezaji wa Manchester United ilianguka Munich, wakafa watu 23. Wakubwa wa uchunguzi wa Ujerumani walisema ni barafu ya mabawani, na kosa ni la rubani James Thain. Alipoteza kazi. Ilipofika 1969, Waingereza wakatangaza kwamba kosa halikuwa lake: ni matope ya theluji uwanjani. Miaka 11! Ikiwa kapteni alitendwa hivyo, fundi wa zamu ya usiku atatendwaje?

Hatupingi kazi, wala hatutaki ndege zikae bure. Mishahara yetu yatoka katika ndege zinazoruka. Ila twadai mambo matatu:

1. Fundi asilazimishwe kutia sahihi kazi asiyoiridhia, wala asiadhibiwe kwa kukataa.

2. Kila fundi afundishwe habari za barafu kwa ukamilifu, si kuambiwa kwamba ni mambo ya Ulaya.

3. Kila ripoti ya ubovu ijibiwe kwa maandishi, na jina la aliyejibu liandikwe.

Ndege ikianguka Kibwezi au Mutomo, msimamizi hataulizwa kwanza. Itatafutwa karatasi, na katika karatasi patasomwa jina lako. Basi mwenye kuulizwa na awe na haki ya kusema hapana.

Ndugu, njooni mkutanoni. Msitie sahihi kwa hofu. Umoja ni nguvu!