Mgeni Anapojitetea

Afya ya moyo na akili nayo ni afya. Mwezi huu tuzungumzie yale yanayowapata wageni wetu Wazungu wanaposikia habari za ubaguzi wa rangi.

Wazee wa Meru huwasimulia habari za Engare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000, nyumba zikachomwa moto, ili walowezi wa Kizungu wapate mahali pa kufugia ng'ombe. Kirilo Japhet alikwenda kulalamika Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Watawala walijitetea kwamba huo ni mpango wa maendeleo, na kwamba watu wamepewa ardhi nyingine Kingori.

Kujitetea huko bado kupo. Mgeni mmoja atasema, "Mimi sikuwapo." Mwingine atalia mpaka mama mwenye nyumba aache chai jikoni aje kumbembeleza, na habari za waliochomewa nyumba ziishie hapo.

Wataalamu wa saikolojia wamejaribu kuyapima mambo haya. Mtu husoma sentensi, kisha huchagua namba kuonyesha anakubaliana nayo kwa kiasi gani. Huko Marekani, Janet Swim na Deborah Miller walichapisha utafiti wao mwaka 1999. Kwa wastani, hisia ya hatia miongoni mwa Wazungu ilikuwa ndogo, lakini waliokuwa nayo zaidi waliunga mkono zaidi mipango ya kuwainua watu Weusi. Naye June Tangney ametenganisha hatia na aibu. Mwenye hatia hutazama tendo, akataka kulirekebisha. Mwenye aibu hujitazama mwenyewe, akajificha au akamkasirikia anayemkumbusha.

Vipimo hivyo si kama kipimajoto. Mtu aweza kuchagua namba inayompendezesha. Binafsi ningetazama zaidi anauliza nini baada ya kusikia: je, ardhi ilirudi? Nani alilipwa?

Kwa hiyo mgeni akilia, mpe maji, lakini usikimbilie kusema "yamepita". Msimulie mpaka mwisho. Akijitetea, usibishane naye kama moyo wake ni mwema au mbaya; mrudishe Engare Nanyuki. Na ninyi vijana mnaowaongoza watalii, najua mnaikatisha habari hii mkihofia bakshishi. Wazee hawakuwasimulia nusu.