Mwache Afunge Vifungo Mwenyewe

Mumeo akipata kiharusi mkono ukalegea, mapenzi yanakutuma umlishe, umvishe, hata chai umkorogee. Tusidanganyane, hapo ndipo mkono unapozidi kulala. Ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia.

Mwaka 2006 kule Marekani yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 222, waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu wapate kiharusi. Baadhi yao walivalishwa glavu nene mkono usio na tatizo kwa wiki 2, ili ule uliolegea ulazimike kufanya kazi, na mazoezi juu. Mwaka mmoja baadaye bado walikuwa wamewapita wenzao. Ila walichukuliwa wale ambao mkono wao ulishaanza kucheza kidogo. Uliolala kabisa una tiba yake nyingine.

Kwa hiyo shoga, muulize mtaalamu wa viungo kama mumeo anafaa. Akikubali, kaa pembeni. Atakasirika, atakuita mkatili (wangu mimi angenuna wiki nzima!). Vifungo 6 vya shati vinaweza kula nusu saa. Anzeni Jumapili, siku ambayo hamna haraka.